Nywele Ndani ya Pawa Soo

Nilifungua pawa soo ya mteja, nikakuta nywele.

Nywele fupi za kijivu, zimeshikana na mafuta mazito, zimejaa kwenye kifuniko cha mnyororo. Na ndani yake funza walikuwa wanatembea.

Nilitapika pale pale kando ya reli, mtaani kwetu Laini Saba, mbele ya watu wakinunua mboga za sukuma. Sioni haya kusema.

Naitwa Osewe. Mwaka huo, tisini na sita, kazi yangu ilikuwa kutengeneza pawa soo, ile misumeno ya injini ya kukata miti. Nimetoa ndani yake vumbi la mikaratusi, mchanga, hata misumari. Nywele? Wapi!

Mwenyewe aliitwa Kavoi, mteja wangu wa tangu mwaka uliotangulia. Alikuwa amesimama hapo hapo, ameziba pua.

"Kavoi, hii unakata nini?"

"Miti, fundi. Kwani pawa soo hukata mandazi?"

"Na hizi nywele?"

"Ah, hiyo ni paka. Ililala hapo kwa store, ikafia hapo."

Mimi na ujinga wangu nikakubali. Nikajifunga kitambaa puani, nikaendelea.

Injini ilikuwa inalia vibaya. Nilishika kranki, kile chuma kinachozunguka ndani, nikaitikisa, ikacheza huku na huku. Nilipofungua kasha la injini likawa nusu mbili, nikaona sababu. Beringi mbili zinazoishika kranki zilikuwa zimeliwa na kutu.

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Mkata miti haoshi pawa soo kwa maji. Halafu tangi la kulainisha mnyororo, ambalo kila mtu hutia oili chafu, lilinukia chapati. Jamaa alikuwa anatia mafuta ya kupika.

Nilitembea hadi Kawangware, nikapata beringi mpya.

Sasa, beringi haipigwi nyundo. Unaigandisha ili inywee, unapasha kasha moto kwenye jiko ili litanuke, halafu beringi inateremka yenyewe. Mimi nilikuwa nagandishia kwa Mama Mabruka, aliyeuza barafu. Siku hiyo stima ilikuwa imepotea kwa laini yao yote.

Kavoi hakuweza kungoja.

"Leta hizo beringi. Mdosi wangu, yule ameniandika kazi huko Silanga, ako na friza na jenereta. Kesho asubuhi utazipata zimekuwa mawe."

Nikampa.

Niwaambie kidogo habari za nyumbani. Binti yetu Awiti alikuwa na miaka miwili, na surua ilikuwa imemmaliza. Shingo imekuwa nyembamba, kutembea ameacha. Kliniki walituambia apewe supu ya mifupa kila siku. Mke wangu Nereah akapata mwuzaji wa kuleta mifupa hadi mlangoni.

Mifupa safi! Mfupa wa bucha hupigwa shoka, unajaa vigae vya kumkwama mtoto kooni. Hii ilikatwa laini kabisa, mkato umenyooka kama ubao. Nilimsifu huyo mwuzaji mpaka majirani nao wakaanza kununua kwake.

Asubuhi nikaweka kasha juu ya makaa. Kavoi akaja.

"Niaje, fundi. Chukua, zimeganda poa."

Beringi zilikuwa ndani ya nailoni, na nailoni ilikuwa na damu iliyoganda. Juu imefungwa kwa kipande cha neti ya mbu, ya buluu, mafundo matatu.

Niliangalia hicho kipande cha neti. Nilikijua. Nereah hatupi kitu, na kwetu nyuma ya mlango kulikuwa na msumari uliojaa vipande kama hicho. Ndivyo mifupa ya Awiti ilivyofungwa kila asubuhi.

Nilitoka mbio hadi nyumbani.

Nilimkuta Awiti na kikombe mdomoni. Nilikipiga kikaruka. Mtoto akalia.

"Baba Awiti, umerogwa?" Nereah akapiga kelele.

Nilitumbukiza kijiko kwenye sufuria nikatoa mfupa. Nilipoukagua kwenye mwanga, niliona mistari ya meno ya mnyororo. Meno ambayo mimi ndiye niliyekuwa nayanoa.

Nilimwaga sufuria yote mtaroni. Harufu ya ile supu, niliyokuwa naisifu kila jioni, ilinipanda kichwani.

Nilirudi kwa Kavoi nikiwa na mfupa mkononi.

"Huyu ni mnyama gani?"

Akaangalia reli.

"Nakuuliza, ni mnyama gani!"

"Punda, fundi."

"Mnachinja punda?"

"Hatuchinji. Ni wale wanajifia. Mdosi huwaokota." Akasema hivyo kama mtu anayeeleza habari za mboga.

Nilimshika shati. Nikamwambia mtoto wangu anakunywa mzoga, mtoto mgonjwa, na yeye anaita hiyo kazi. Nilimwita takataka. Watu wakaanza kujaa.

Kavoi hakurusha hata ngumi.

"Usinikaripie hivyo. Si ni wewe ulinifunza? Mwaka jana nilikuuliza nitie oili gani ndio kitu nakata isinuke. Ukasema mafuta ya kupika, na niioshe na maji moto kila jioni. Ukacheka hata."

Nikamwachilia.

Ni kweli. Nilikumbuka hata nilipokuwa nimekaa. Nilijiona mjanja sana siku ile, fundi anayejua vitu ambavyo wengine hawajui. Sikumuuliza ni mti gani huo ambao haufai kunuka oili.

Kasha nilikuwa nimelisahau juu ya makaa, limepinda na kuyeyuka upande. Kavoi alibeba vipande vyake kwenye karai akaenda. Jioni hiyo nilipita kwa majirani, nyumba kwa nyumba, nikawaambia wamwage.

Awiti alipona. Leo ni mama wa watoto wawili. Mama yake mpaka leo hapiki supu ya mifupa, na Kavoi akitajwa anatema mate.

Nami huwa natema pamoja naye. Sehemu yangu ya kosa sijawahi kumwambia. Leo ndio naisema, tena naanza na watu nisiowajua.

Mtu akikuomba ujuzi wako, muulize anaenda kuufanyia nini. Mimi nilijibu haraka kwa sababu nilipenda kuonekana najua.

Awiti, kama unasoma, pole mwanangu. Mwambie mama yako nakuja nyumbani kumweleza mimi mwenyewe.