Mwendo wa Kumzika Koko

Kijana wangu wa kazi aliweka wimbo kwenye simu pale karakana yangu ya kuchomelea, mtaa wa Ruti, nikamwambia azime kabla sijamrushia nyundo. Vijana wa kizungu na magitaa yao, mbio mbio, sauti juu, ngoma zinafukuzana kama mbuzi waliovunja zizi. "Mzee, huu ni wimbo wa furaha!" Furaha ya nani? Niliishia darasa la tatu, lakini nusu ya milango ya chuma ya Ruti nimeichomelea mimi, na sihitaji mtu wa kunieleza mwendo ule. Naujua. Ndio tuliomzikia bibi yangu.

Ngoja nikueleze, ndugu yangu, maana watu wa siku hizi wakisikia gitaa inakimbia wanadhani mpigaji amekunywa.

Vita ilitutoa Kivu ya Kusini ikatutupa Nakivale, kambi ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka, mimi bado mtoto wa kutumwa maji. Bibi tulimwita Koko. Kila jioni alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, na alitwanga kwa hasira, kama vile aliyemfukuza kwao yuko ndani ya kinu. Kwa mwendo huohuo aliimba wimbo wa kanisa, wa safari ya mbinguni, na kina mama wa kwaya walimfuata: haraka, na juu mpaka mishipa ya shingo inasimama. Mimi nilijitengenezea gitaa kwa kopo la mafuta ya msaada, ubao, na waya za breki ya baiskeli. Hakuna aliyenifundisha. Nilikaza waya mpaka zikaifikia sauti ya Koko, basi, hiyo ndiyo ilikuwa toni yetu. Sombe ikichemka na moshi wa kuni mbichi, kwangu hivyo vyote vilikuwa wimbo mmoja.

Kifua kilipomshika, alituita kitandani. "Mukiniimbia polepole ku kaburi, nitaamuka niwachape." Tulicheka. Yeye hakucheka.

Akafa. Sasa, mwalimu wa kwaya alikuwa mtu wa tai, mtu wa kutudharau. Siku ya mazishi walikuja wenyeji kutoka Rugaaga, jirani na kambi, waliozoea kumpa Koko ndizi naye akawapa maharage. Yule bwana akaona haya mbele yao. "Leo tunaimba taratibu. Hawa watasema tunashangilia kifo." Akaushusha wimbo chini, akauvuta kama ng'ombe mgonjwa anayepelekwa josho.

Nilitazama lile shimo. Nilikuwa na jambo moja tu la kumfanyia Koko, na mwenye tai alikuwa amelikalia. Nikapiga waya zangu kwa mwendo wa Koko. Mwalimu akageuka, akaninyang'anya gitaa, akaikanyaga. Kopo likabonyea mbele ya watu wote.

Hapo jirani yetu, mama aliyekuwa akitwanga na Koko, akaanza kupiga makofi. Mbio. Akapandisha sauti palepale pa Koko, na kina mama wakaidaka. Nyimbo mbili zikapigana juu ya maiti.

"Hii ni kilio ao ni ndoa?" mwalimu akafoka.

"Tunazika mutu wetu," mama akajibu, mikono haisimami. "Siku yako tutaenda polepole, Mwalimu. Tutakuchelewesha mpaka unuke."

Wachimba kaburi waliangua kicheko, na makoleo yao yakaingia kwenye makofi. Wale wenyeji waliguna kwanza, kisha mzee wao mmoja akaanza kutikisa kichwa sawasawa na sisi. Udongo ulijaa tukiwa ubeti wa pili. Mwalimu hakuniomba msamaha, na asingeupata.

Yule mama walimhamishia Amerika na wanawe. Wenzake wengi wamelala Nakivale hukohuko. Kwaya za leo zina kinanda cha umeme na maspika ya kukodi mjini Kabingo, zinalia kwa adabu, na wafu wanakwenda bila mtu wa kuwasukuma. Hakuna anayeimba na hasira yake ndani.

Juzi niliwaambia wanangu namna ya kunizika, kwa wimbo ule na mwendo uleule. "Papa, lakini huo si wimbo wa harusi?" Nikawapigia makofi pale mezani wasikie. Walinifuata kidogo. Kisha mmoja akachelewa makofi, na wengine wakachelewa pamoja naye.