Mwenzangu Alipotelewa na Baba, Mimi Nikamsahihisha

Nimekosa. Naanza hivyo kwa sababu najijua. Nikianza na maelezo nitajitetea, nikijitetea nitaandika vizuri, na nikiandika vizuri mtanihurumia. Msinihurumie!

Mimi ni msichana wa hapa Dodoma. Nafanya kazi kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, jirani na maofisi. Shule niliishia kidato cha nne. Kuandika nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kunakili kurasa za watu ili nione sentensi zao zinasimamaje. Nina riwaya. Yaani nina sura ya kwanza, ambayo nimeiandika upya hadi nimesahau mwanzoni ilihusu nini. Sura ya pili haipo. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejipa kazi ya kuwahukumu wenzake!

Nilikuwa kwenye grupu moja la wasomaji na waandishi mtandaoni. Wengi wetu tuko Dodoma, ila tulijuana kwa majina ya kalamu tu. Grupu lina sehemu mbili. Moja ni ya kazi: unaweka hadithi yako, watu wanaichambua. Nyingine inaitwa Barazani, ya soga. Huko kila mtu anasema lolote.

Na lolote lenyewe ni lipi? Uji! Mtu anapiga picha uji wake wa asubuhi, anaandika "karibuni". Mwingine anauliza kama mvua imefika Kisasa. Mwingine paka wake kalala juu ya kitabu, na watu wazima wenye kazi na watoto wanamshangilia paka. Salamu ndiyo usiseme. Mama Nyemo, mwalimu mstaafu, ndiye msimamizi wetu, na kila asubuhi alifungua na "Mbukwenyi wanangu!" kwa Kigogo chake, halafu zinafuata "mbukwa mama, mbukwa mama" mpaka kidole kinachoka kusukuma kioo cha simu.

Niliwadharau. Niliwadharau kwa raha zangu. Nilijiambia hawa wanasoma ili wapate pa kupiga soga, mimi nasoma kwa sababu bila kusoma nakufa. Lakini kujitoa sikujitoa, ng'o! Nilihitaji watu wa kuwadharau. Na hebu ona maajabu: mtu anayetetemeka kuonyesha sura yake moja, hatetemeki hata chembe kuandika mistari miwili ya kejeli. Kejeli sikuwahi kuiandika mara mbili.

Wakanipendea hiyo! Fredi, mwanafunzi wa chuo kule Chimwaga, ndiye aliyenibatiza jina. Nikiandika tu, yeye anadakia, "Tulieni, Profesa kasema!" Nilijifanya naudhika. Uongo mtupu. Nilikuwa nalisubiri jina hilo kama mtoto anavyosubiri pipi.

Katika watu wote wale, mmoja tu ndiye aliyewahi kusoma sura yangu. Anaitwa Mwanahawa, na hili si jina lake. Ni dada aliyenizidi umri, mtu wa Kolo kule Kondoa, aliyehamia mjini kwa kazi ya ukarani. Alisoma, kisha akanipigia simu.

"Mdogo wangu, umeandika vizuri. Lakini mbona watu wako hawali? Sura nzima hawajatia kitu mdomoni!"

Nilinuna. Alikuwa sahihi, ndiyo maana nilinuna.

Siku moja alinialika kwake, Area D, nikachukue kitabu. Hapo ndipo nilipomwona baba yake. Mzee kumbukumbu zilikuwa zinamtoka, kwa hiyo Mwanahawa alimleta mjini amtunze mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya geti. Nikamwambia shikamoo, akaitikia vizuri kabisa, akaniuliza nimetoka Kolo saa ngapi na kama ng'ombe wamesharudi.

Mwanahawa alimleta mzee huyo Barazani karibu kila siku. Baba kamwitikia msomaji wa taarifa ya habari, kamwambia marahaba mwanangu. Baba kaficha sukari ndani ya kiatu. Watu wakacheka, wakampenda mzee wasiyewahi kumwona, wakawa wanauliza, "Babu leo kasemaje?" Na mimi nikaona wivu, jamani! Mzee asiyejua leo ni siku gani alikuwa na wasomaji, mimi sina. Nikajiambia Mwanahawa anamtumia baba yake kujipatia vicheko. Nikajiambia ni njia rahisi. Ya watu wa uji.

Sasa kuna mchezo wetu, na bila kuuelewa hutaelewa nilivyoharibu. Kila Ijumaa mchana, Barazani, tulicheza Kweli au Tungo. Mtu anatupa kisa kifupi, anasema kimemtokea. Wengine wanakisia kama ni kweli au katunga. Sheria ni kwamba msimulizi ataapa mpaka mwisho kuwa ni kweli, hata akibanwa vipi. Jibu linatoka Jumamosi asubuhi. Mchezo huo ndio uliokuwa ufalme wangu. Nikisema "tungo", watu hawakuhangaika kufikiri tena.

Ijumaa moja, saa ile ile ya mchezo, Mwanahawa akaandika:

"Jamani wana Baraza, baba ametoka nyumbani asubuhi, hajarudi. Dada wa kazi aliacha geti wazi. Amevaa koti la kijivu, mguu mmoja kandambili, mguu mwingine kiatu. Walioko Area D, Kisasa, Chimwaga na mjini, tafadhali niangalizieni. Siwajui watu wengi hapa. Nimechanganyikiwa."

Mimi nilikuwa dukani, nasubiri mashine ipoe. Nikausoma ujumbe kama ninavyosoma kila kitu: natafuta kasoro. Sikumwona mzee. Niliona aya.

Nikaandika: "Tungo. Tena tungo ya kujipendekeza. Kandambili mguu mmoja, kiatu mguu mwingine! Hapo mwandishi ametukamua machozi kwa mikono miwili. Mhusika tunamjua, ameshatuchekesha vya kutosha, sasa anapotezwa ili tulie. Na dada wa kazi kaingizwa ili apatikane wa kulaumiwa."

Vicheko vikamiminika. Fredi akadakia, "Profesa kasema! Faili limefungwa."

Mwanahawa akaandika, "Si mchezo jamani. Kweli baba hayupo."

Mama Nyemo peke yake ndiye aliyesita. "Mwanahawa mwanangu, hebu niambie. Ni kweli au mnacheza?"

"Kweli mama. Wallahi kweli."

Na mimi, shetani wa watu, nikaingilia. "Mama, kuapa ndiyo sheria ya mchezo. Anacheza vizuri, tumpe sifa yake. Tatizo ni mwisho wake tu. 'Nimechanganyikiwa'! Mtu aliyechanganyikiwa hasemi amechanganyikiwa."

Mama Nyemo akaandika, "Haya, ninyi vijana mnajuana wenyewe."

Ndiyo. Dada wa watu amepotelewa na baba, mimi namfundisha jinsi ya kuandika kuwa amepotelewa na baba.

Pakatokea maandishi madogo: Mwanahawa amejitoa kwenye grupu. Mmoja akasema kasusa. Mwingine akasema waandishi wa siku hizi hawataki kukosolewa. Nikalipenda sana neno hilo, nikaliwekea alama ya kopa.

Simu yangu ikaita. Mwanahawa. Nikaiacha iite, nikijua anataka kulalamika. Ikakatika, akanitumia ujumbe wa sauti. Sasa mimi sauti sisikilizi. Niliona ni uvivu: mwandishi mzima anashindwa kuandika? Niliweka hadi kwenye wasifu wangu, "Andika. Sauti sisikilizi." Nikauacha pale na kidoti chake cha kuonyesha haujasikilizwa.

Jioni, kabla sijafunga duka, Fredi akarudi Barazani. Akaandika, "Lakini mhusika wa leo nimekutana naye hahaha! Mchana hapa Chimwaga, mzee kakaa pembeni ya barabara, nikamwamkia, akaniuliza Kolo ni upande gani. Nadhani Mwanahawa kamwona huyo huyo akamtungia."

Umesoma vizuri? Alimwona! Na aliyekuwa anamtafuta hakuwemo tena grupuni asome, kwa sababu mimi nilikuwa nimemfukuza kwa kejeli. Mle ndani mtu pekee aliyekuwa na namba ya Mwanahawa ni mimi. Mtu pekee aliyejua kuwa ule mji wa Kolo mzee huutaja kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu aliniuliza mimi, ni mimi!

Moyo ulinistuka. Sitawadanganya, ulinistuka. Nikakitazama kile kidoti cha ujumbe wa sauti. Halafu nikafikiri: nikisikiliza, na ikawa ni mchezo, kesho nitachekwa. Profesa kaingia mkenge. Kwa hiyo nikamjibu Fredi, "Acha kumbeba mwandishi." Nikafunga duka, nikaenda nyumbani, nikala, nikalala.

Jumamosi asubuhi Mama Nyemo akauliza, "Wanangu, jibu la jana ni lipi? Mwenye namba ya Mwanahawa atuulizie." Hapo ndipo nikafungua ile sauti. Na nilifungua ili nihakikishe nimeshinda.

Alikuwa anahema, anatembea. Nyuma yake bajaji zinapita.

"Mdogo wangu, nakuomba. Si mchezo. Nimezunguka mpaka sokoni, sijamwona. Wewe unapajua kwangu, na baba unamjua. Waambie wale watu watoke wamtafute. Mimi hawaniamini. Wewe wanakusikiliza."

Nilisikiliza nikiwa nimesimama. Nikamwomba Fredi namba yake, nikampigia, nikamwambia yule mzee wa jana ni baba wa Mwanahawa kweli. Akasema, "Usinitanie, Profesa." Nikamfokea asiniite hivyo. Akatoka na wenzake wakapita porini nyuma ya chuo. Nilipompigia Mwanahawa hakupokea, kwa hiyo nikampa dereva wa bajaji anwani, nikampelekea mwenyewe getini habari za Fredi.

Walimkuta mzee korongoni, si mbali na pale Fredi alipomwamkia. Alikuwa ameanguka, amevunjika nyonga. Alikuwa hai, lakini alikuwa amelala nje na ule upepo wetu wa Dodoma, mnaujua, unaopenya hadi kwenye mifupa ya kijana, sembuse ya mzee. Fredi alimfunika sweta lake. Aliniambia mzee alikuwa anaomba radhi. Anawaomba radhi vijana wale kwa kuwasumbua.

Hatembei tena. Daktari alisema kwa umri ule mfupa hauungi vizuri. Kile kiti cha plastiki kimeingizwa ndani. Analala, anageuzwa, na ameacha kuuliza habari za ng'ombe.

Grupuni wote wakawa watakatifu kwa mpigo! Waliocheka jana yake wakaandika pole ndefu zenye aya. Mmoja akaweka picha ya mshumaa, mzee hajafa! Mwingine, yule wa kukosolewa, akaniandikia kwamba siku zote alijua mimi sina utu. Siku zote! Na kopa yangu anayo. Nawadharau bado, siwezi kujizuia, lakini sasa najua dharau hiyo imetengenezwa na nini. Wao walicheka kwa uvivu. Mimi nilifanya kwa bidii.

Mama Nyemo hakuandika kitu. Alinipigia, akasema, "Mwanangu, nilikuuliza mimi. Nikakuamini wewe, nikamwacha aliyeapa." Kisha akalia, mwanamke mzima aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote. Nikamwambia kosa si lake. Akasema, "Najua ni la nani. Nalia tu."

Nilikwenda hospitali. Mwanahawa alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, ana chupa ya chai miguuni. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika maneno ya kuomba radhi, nimeyafuta, nimeyaandika tena, kama kawaida yangu. Alinyanyua mkono nisiendelee.

"Sauti yangu uliisikiliza lini?"

"Jumamosi, dada."

"Na ujumbe wa Fredi uliusoma lini?"

"Ijumaa. Jioni."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemalizia hesabu. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Akaokota chupa yake, akasema, "Baba anataka kugeuzwa," akaingia ndani. Tangu hapo hatujasemezana. Nimesikia ameomba uhamisho arudi Kondoa, apate ndugu wa kumsaidia kumnyanyua mzee.

Basi nawaonya, hasa ninyi mlio kama mimi, mnaosoma mazungumzo ya watu mkiwa na kalamu nyekundu kichwani. Ninyi mnaoona soga ni upuuzi na mnaoijibu kwa ujuzi. Mtu akiandika kwamba kapotelewa, kaugua, kaishiwa, hata kama kaandika vibaya, hata kama mnacheza, hata kama jana alikudanganya, toka kwenye grupu mpigie simu. Ukikuta ni uongo, utachekwa. Chekwa! Hakuna aliyevunjika nyonga kwa kuchekwa.

Mimi niliogopa kuchekwa, jioni moja tu. Mzee yule alikuwa nje jioni hiyo hiyo, anauliza wapita njia kwao ni wapi, na mimi nilikuwa na jibu.