Saa Moja Tu kwa Ndege

Kaka yangu anayeishi Dar ana kauli moja iliyonichosha kuliko kazi yoyote: "Ni saa moja tu kwa ndege." Mwaka jana aliitumia kumshawishi mama ahamie kwake. Kutoka uwanja wa ndege wa KIA hadi Dar ni kilomita mia nne na ushee angani, alisema, hujamaliza soda umeshafika. Sikumpinga. Kila Jumamosi nilikuwa natoka Moshi mjini, ninakofanya kazi, napanda Rombo kumfulia mama, kumtekea maji na kumpikia mtori wa ndizi, maana magoti yamemgomea na nyumbani amebaki yeye na ng'ombe mmoja. Nilikuwa hoi. Nilitaka ahame, nisiwadanganye.

Mama alikubali upesi mno. Kwake yeye, mwendo wa saa moja ni ule wa kwenda sokoni Mkuu, hapo hapo Rombo: unakwenda, unarudi, jioni uko jikoni kwako. Siku ya safari alivaa kitenge cha kanisani, akafungasha ndizi za zawadi, akamwachia ng'ombe majani ya siku ile. Jirani alipomuuliza anakwenda wapi, alijibu, "Kumsalimia mwanangu." Hakuaga mtu mwingine. Nikadhani hataki kulia mbele za watu.

Na hiyo saa moja ni ya hewani tu. Kushuka kwetu, kupita Himo na Moshi hadi KIA, kulitumalizia asubuhi nzima. Uwanjani mama akavuliwa viatu, akaniuliza kwa sauti wanatafuta nini kwa bibi kizee kama yeye. Safari ya ndege yenyewe, haki ya Mungu, ilikuwa fupi. Kisha ikaja Dar na joto lake na foleni yake, hadi miguu ya mama ikavimba.

Kwa kaka alikula, akashukuru, akaonyeshwa chumba chake chenye kitanda kipya na feni. Akakisifu sana. Halafu akachukua fimbo yake.

"Haya, turudi. Ng'ombe hajala."

Kaka alicheka, akidhani ni utani. Alipoona mama anaelekea mlangoni, akamweleza taratibu kwamba sasa atakaa hapa. "Sisi tuko mbali, mama. Kule nani atakuangalia?"

"Mbali?" mama akamuuliza. "Si umesema ni saa moja tu? Basi uje wewe."

Kaka akanigeukia nimsaidie. Maneno nilikuwa nayo yote. Lakini mama alikuwa amesimama katikati ya sebule ile kama mgeni aliyekosea nyumba, nikashindwa. Nikasema tutarudi kesho. Nilijua ninatoa nini: Jumamosi zangu zote.

Kesho yake tulipofika nyumbani Rombo, mama alipitiliza zizini kwanza. Jirani alikuwa ameshamlisha ng'ombe. Mimi nikakaa kwenye kigoda nimenye ndizi za mtori, usingizi ukanipitia kisu kikiwa mkononi. Mama akanigusa bega.

"Jumamosi ijayo usije," aliniambia. "Ulale. Nitajikongoja."

Nikamwambia hapana, nitakuja. Lakini kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimeshafurahi, na nadhani aliniona, maana alinichukulia kile kisu taratibu, akaanza kumenya mwenyewe.