Meza ya Madamu

Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona mume wangu akitafuna. Silalamiki. Ndivyo tulivyolelewa huku kwetu Usukumani. Unapika, unatoa ugali nje kwa baba na watoto wake wa kiume, unawanawisha mikono, kisha unarudi jikoni kula na binti zako. Bakuli la mboga likirudi tupu unajua amekula. La kwangu lilikuwa linarudi tupu kila siku, hata nyanya chungu ninazozipanda mwenyewe nyuma ya jiko, na nilikuwa natembea kifua mbele kwa sababu ya bakuli hilo.

Kisha akaja Madamu. Alitoka ng'ambo na mashine ya kuchoronga, akasimamisha maturubai yake upande wa Mwakitolyo, kutafuta kama chini kuna dhahabu ya kuwatosha wakubwa waliomtuma. Alitaka wafanyakazi na hakuwa anamjua mtu hata mmoja. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza, na wanaume wakajipanga wamevaa mashati ya kanisani. Madamu aliwaita mmoja mmoja na kuwauliza maswali kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama. Wengi waliinamisha macho, kama mtu mwenye adabu anavyofanya mbele ya mkubwa. Yeye akadhani wanaficha jambo, akawarudisha makwao. Mume wangu alishawahi kupakua mizigo Isaka na kuzoea wageni wa kila aina. Alimtazama usoni, akapata kazi.

Aliponisimulia alikuwa anacheka. "Ukimwangalia tu, anakuamini."

"Macho yake yakoje?" nikamuuliza.

"Ya nani?"

"Ya huyo uliyekuwa unamwangalia."

Akafikiri kidogo, akasema ni ya kawaida, yana ukijani kidogo. Ukijani huo nilikwenda nao kisimani na nikarudi nao. Mimi ningefungwa kitambaa usoni, sijui kama mume wangu angeweza kumweleza mtu macho yangu yakoje.

Kazi ikaanza, na baada ya muda nikaona bakuli linarudi na chakula. Watoto wangu wa kiume hawakuweza kulimaliza peke yao. Nikadhani ni uchovu. Jirani yangu, ambaye mume wake aliendesha gari la maji kule kule, ndiye aliyenifumbua macho tukiwa tunapepeta mpunga.

"Mayu, mama, na wewe wa kwako anarudi ameshiba?"

"Anashibia wapi?"

"Si kwa Madamu. Wanakaa meza moja mchana, wote. Na yeye mwenyewe yuko hapo hapo katikati, anakula nao."

Alicheka. Kwake lilikuwa jambo la kuchekesha tu. Mimi ungo ulinitoka mkononi na mpunga ukamwagika. Mtu angeniambia mume wangu ana nyumba ndogo Kahama, ningejua pa kuanzia, maana hayo tumeyasikia na tunajua yanavyopiganiwa. Lakini mwanamke anayekaa mbele yake kweupe, akaona taya lake likienda juu na chini, akaona anavyofinyanga tonge, anavyolamba kidole! Hayo yalikuwa yangu, hata kama sikuwahi kuyaona.

Jioni nilimvaa mume wangu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Mama watoto, yule si mwanamke, yule ni bosi. Kwao watu wanaofanya kazi pamoja wanakula pamoja. Ukikataa kukaa mezani anaona umemchukia."

"Na mimi nikikaa na wewe?"

"Wewe ni mke wangu," akasema, kana kwamba amenijibu.

Kuanzia hapo wivu ukawa ndiyo kazi yangu. Nilimnusa shati. Nilimuuliza leo wamekula nini, nani alikaa wapi, Madamu alicheka au hakucheka. Akisema walikula wali na maharage, kesho yake mimi napika wali na maharage, nakazana na nazi ya kununua mjini, na bakuli linarudi nusu. Nilimchukia mwanamke ambaye sikuwahi hata kusalimiana naye.

Basi mpishi wao akaenda kwao Ushirombo kujifungua, na Madamu akatafuta mwingine. Mume wangu hakuniambia. Nilisikia kwa jirani, nikafunga kitenge kipya nikaenda kwa miguu yangu. Madamu alinikuta nimesimama mlangoni pa turubai. Hakuwa mrembo. Alikuwa mtu mzima, amebabuka pua kwa jua, buti zimejaa tope. Nikatafuta cha kumdharau nikakosa, maana alinipa kiti kabla yeye hajakaa. Alipoanza maswali yake nilimkazia macho mpaka yeye ndiye akatazama pembeni. Akaniajiri. Yale macho yalikuwa na ukijani kweli.

Siku ya kwanza nilipika ugali na nyama, nikatia nyanya chungu nyingi kutoka bustanini kwangu, za kumkumbusha mtu nyumbani ni wapi. Nilipopakua nikataka kurudi jikoni, Madamu akanizuia. Hapa wote wanakaa, na mpishi pia. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya kumtazama mume wangu uso kwa uso.

 Nilikaa. Wanaume wote wakaacha kuongea. Mume wangu alinitazama, akatazama sahani yake, akainuka nayo. Akamwambia Madamu kwamba mashine ina sauti mbaya, anakwenda kuisikiliza. Akaenda kula nyuma ya mashine, ametupa mgongo. Kwa yule mgeni aliweza kukaa. Kwangu, hapana. Nilikula kwa sababu watu walikuwa wananitazama, na sikusikia ladha ya kitu.

Alifanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Siku moja nikiwa naosha vyombo, Madamu akaja akasimama karibu yangu.

"Mume wako ana shida na chakula?"

"Hana shida."

"Labda hizi," akasema, akachukua nyanya chungu moja kwenye beseni. "Hapendi. Yule mpishi wa zamani akipika, yeye anaweka pembeni. Kila mara, pembeni ya sahani. Nilimwambia mpishi aache."

Nilimwambia amekosea. Nilimwambia mume wangu anazipenda, nampikia tangu tumeoana, bakuli linarudi tupu.

"Anakula peke yake bakuli hilo?"

 Nikawaona kichwani mwangu watoto wangu wa kiume wamelizunguka lile bakuli, kila mmoja na mkono wake ndani.

"Mimi nimemwajiri," akasema kwa upole, kama anayeomba radhi. "Lazima nijue anakula nini."

Nilitamani kumwagia maji machafu. Alimwajiri juzi na alijua. Mimi nilimzalia na sikujua.

Jioni nilipika nyumbani. Nilichuma nyanya chungu, nikazitia zote kwenye mboga. Nikatoa ugali, nikawanawisha. Watoto nikawaambia wakale jikoni leo, na wakaenda wakishangaa. Kisha nikavuta kigoda nikakaa mbele ya mume wangu.

"Kuna nini, mama watoto?"

"Hakuna. Kula."

Alitazama nyumba za jirani kama kuna mtu anayetuona. Ugali ukaanza kupoa. Sikuinuka. Mwishoni akamega tonge, akalichovya, akatafuna, na taya lake lilikwenda upande kidogo, upande wa kushoto, kitu ambacho nilikuwa sikijui. Kisha akaingiza kidole kwenye bakuli, na bila kuniangalia, akaisogeza nyanya chungu ya kwanza pembeni.