Nilipokea kwa Mikono Miwili

Duka la baba lilikuwa Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, na liliuza vitu ambavyo mtu havikumbuki mpaka vimharibikie: bawaba, skrubu, makomeo, vitasa, misumari, kamba za katani. Mteja wa duka kama lile haji na maneno mengi. Anakuja na kitu kilichovunjika, amekifunga katika kipande cha gazeti kisimchafue mfuko, anakunyooshea. Wewe unapokea, unafungua, unakitazama, unageukia rafu kumtafuta mwenzake. Nilianza kazi hiyo nikiwa mdogo wa kupanda juu ya kreti ili kichwa kionekane, na hata nilipokuwa mwanachuo niliendelea nayo kila Jumamosi. Nalieleza hili mapema kwa sababu baadaye nililieleza mbele ya kamati, na kamati ikacheka.

Wazazi wangu walitoka Kilimanjaro. Mimi nilizaliwa hapa hapa mjini, na Kichaga changu kilikuwa cha salamu na cha kugombezwa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na hasira ya karibu. Hasira hiyo nimeirithi, ila yangu huchelewa kufika, na mara nyingine hufika watu wameshaondoka.

Chuo nilichosoma kilikuwa kidogo, katikati ya mji. Si kile kikubwa cha kule mlimani ambacho watu hukifikiria ukisema umesoma Dar. Enzi zile hukuingia chuo kwa kufaulu tu; ulifanya kazi kwanza, kisha ukaletwa na barua ya mwajiri na barua ya tawi la Chama kwamba tabia yako ni njema. Barua zangu zote mbili zilisema tabia yangu ni njema. Darasani wanawake tulikuwa saba.

Mwalimu wetu wa siasa na maendeleo alikuwa kijana bado, naye Mchaga kama sisi, msafi, suti ya mikono mifupi imepigwa pasi hadi kwenye kola. Alifundisha vizuri. Lazima niseme hivyo, maana watu hudhani mtu wa namna ile ni lazima awe mwalimu mbaya. Alitueleza utu ni nini, usawa ni nini, na mtu kumnyonya mtu ni nini, na mimi niliandika kila neno.

Siku moja saa tisa alasiri aliniita ofisini kwake kuzungumza juu ya insha yangu. Nilipoingia alifunga mlango na kuzungusha ufunguo. Mtoto wa muuza vitasa hawezi kuacha kusikia: mizunguko miwili. Aliyoyafanya niliyaandika baadaye katika ukurasa mmoja na nusu, sina haja ya kuyaandika tena. Inatosha kwamba alinishika mahali ambapo hakuwa na ruhusa ya kunishika, kwamba alinikumbusha mtihani wa mwisho anasahihisha yeye, na kwamba nilitoka kwa sababu mama mfagizi aligonga akitaka ndoo yake aliyoisahau nyuma ya kabati. Mwalimu alifungua. Yule mama akachukua ndoo akaenda zake, nami nikatoka nyuma yake. Hakujua alichonifanyia.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilingoja kulia, kilio hakikuja. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua ni wako, lakini ukiugusa haujibu. Nilimwambia mama, mama akamwambia baba, na baba akatoka. Nilidhani amekwenda kumtafuta mtu ampige. Alirudi na rundo la karatasi za fulskepu.

“Andika,” alisema. “Andika yote. Mimi usiniletee nisome.”

Niliandika, na kesho yake nikapeleka kwa mama mlezi wa wanafunzi wa kike, mwanamke wa makamo, mtu wa pwani, aliyezoea kujitanda khanga juu ya gauni la ofisini. Alisoma mara mbili, akavua miwani.

“Mwanangu, haya ukishayatoa hayarudi ndani.”

“Najua, mama.”

“Hutaki nimwite mimi nimseme kwa siri? Nitamsema mpaka aione dunia chungu.”

“Nataka yaandikwe, mama.”

Hilo ndilo nililotaka, na nalisema wazi kwa sababu wengi walinidhania mengine. Sikutaka afungwe wala afukuzwe. Nilitaka mtihani wangu usahihishwe na mtu mwingine, na nilitaka kamati iandike katika faili kwamba jambo lile lilitokea. La pili ndilo lililokuwa kubwa. Nilikuwa nimeanza kuamka alfajiri nikijiuliza kama lilitokea kweli, na nilihitaji mtu mwingine, mwenye muhuri, aniambie ndiyo.

Kamati ilikuwa ya watu watano: mwenyekiti, katibu wa tawi la Chama pale chuoni, walimu wawili, na mama mlezi. Waliniita ndugu muda wote. Ndugu, mlango alifunga nani? Ndugu, mbona hukupiga kelele? Ndugu, gauni ulilovaa siku ile lilikuwa la namna gani? Nilijibu kila swali kwa sauti ninayotumia kwa mteja mgumu. Mwenyekiti akauliza nina hakika gani kwamba mlango ulifungwa kwa ufunguo, wakati nilikuwa nimeupa mgongo. Nikamwambia vitasa vya ofisi zile ni vya mizunguko miwili, ndivyo tunavyouza, na ulimi wa kitasa ukiingia mara ya pili hutoa mlio mzito kuliko wa kwanza. Nikamwambia nilisikia yote miwili.

Walitazamana. Mmoja wa walimu akainama akaandika. Nilipomwona anaandika nilihisi kitu kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, kitu kidogo chenye joto, nikaogopa hata kukifikiria. Walisema uamuzi utatoka baada ya wiki mbili. Kwenye ngazi mama mlezi alininong'oneza kwamba wameniamini watatu kwa wawili, nisilegee.

Jumamosi iliyofuata nilifungua duka na baba. Ng'ambo ya mtaa, kwa muuza kahawa, alikaa mzee mmoja aliyevaa koti zito la baridi katika joto lile. Nilimwona akinywa kikombe baada ya kikombe, nikasema moyoni huyu leo hatalala. Saa tatu baba alitoka kwenda kupanga foleni ya mgao wa misumari. Alipopotea kwenye kona, yule mzee akasimama, akavuka akipishana na mikokoteni, akaja hadi kwenye kaunta.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Baba yupo?”

“Ametoka kidogo.”

“Si kitu. Nimekuletea wewe.”

Akaninyooshea kitu chembamba kilichofungwa katika gazeti. Nikakipokea kwa mikono miwili, maana mtu mzima hapokelewi kwa mkono mmoja, nikaanza kukifungua huku nikitazama rafu ya bawaba ndefu za madirisha. Ndani mlikuwa na jani refu la kijani, bado bichi, limepigwa fundo katikati.

Asiye wa kwetu anisikilize hapa. Jani hilo ni isale. Mchaga akikukosea kosa ambalo maneno hayatoshi, hutuma mzee wake akuletee isale, na likishafika mikononi mwako umesamehe. Halikataliwi. Atakayelirudisha anajitafutia laana yeye na watoto wake. Ndivyo tulivyolelewa, wa kanisani na wasio wa kanisani. Mtu asiyekuwa tayari kusamehe ana njia moja tu, kutopatikana nyumbani siku isale linapofika. Mimi nilipatikana dukani, mikono yote miwili mbele.

“Mimi ni baba mkubwa wa mwalimu wako,” mzee alisema. “Kijana amekosa. Amenituma nije.”

“Sikujua ni nini, babu. Nilidhani ni bawaba.”

“Umepokea, mwanangu. Aika.”

Yaani asante. Akaweka kofia yake kichwani akaondoka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi wa basi la Moshi. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini amefunga safari ile yote kufanya jambo jema, na hilo linaniudhi kuliko kama angekuwa tapeli.

Baba alirudi na nusu ya mfuko wa misumari. Aliliona jani juu ya kaunta kabla hajautua mfuko.

“Nani kapokea?”

“Mimi.”

“Kwa mkono?”

“Kwa mikono miwili, baba. Lilikuwa ndani ya gazeti.”

Alikaa juu ya kreti. Nilingoja hasira yake, niliihitaji, nilikuwa tayari kuitumia kama yangu. Mkono wake ulikwenda kwenye jani, ukasita, ukarudi gotini.

“Baba, mimi sijasamehe.”

“Najua.”

“Basi tumrudishie.”

Mteja akaja akauliza skrubu za inchi mbili, nikamhudumia, akaenda.

“Limeshapokelewa, mama,” baba alisema. Aliniita mama tangu nikiwa mtoto, kama watu wanavyoita binti zao. “Kamati na iamue yenyewe. Mimi sina mdomo tena.”

Wiki mbili hazikutimia. Jumatatu saa nne asubuhi kamati iliniita. Mwalimu wa siasa alikuwa ameniwahi. Mezani palikuwa na barua yake, imepigwa taipu vizuri, kwamba familia mbili zimepatana kwa mila na desturi na kwamba mlalamikaji mwenyewe amepokea isale mbele ya mzee. Katibu wa tawi alikuwa na furaha ya kweli. Alisema hivi ndivyo tulivyoishi kabla mkoloni hajatuletea mahakama, na kwamba ujamaa ndio huo, watu kukaa wakasuluhishana.

“Ndugu, swali moja tu,” alisema mwenyekiti. “Ulipokea au hukupokea?”

“Nilipokea. Lakini nilidhani ni bawaba.”

Nikawaeleza duka, wateja, na magazeti. Hapo ndipo walipocheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu waliotuliwa mzigo. Mama mlezi peke yake hakucheka. Alikuwa akiitazama kalamu yake, akaendelea kuitazama. Yule mwalimu aliyeandika habari za kitasa aliinama tena, na safari hii mwenyekiti alimsomea cha kuandika: mlalamikaji amesamehe, shauri limefungwa.

“Basi andikeni na kosa,” nilisema. “Kama nimesamehe, kuna nililolisamehe. Liandikeni.”

Mwenyekiti alinitazama kwa upole. Nadhani alikuwa na mabinti.

“Ndugu, kosa lililosamehewa haliandikwi.”

Nilitoka. Sikuhisi kitu. Kile kidogo chenye joto kilikuwa kimezimika na sikuona hata kilipozimikia. Nilipanda ngazi hadi darasani kwa sababu kulikuwa na kipindi, na kipindi kilikuwa cha mwalimu yule yule, nikakaa, nikaandika kila neno. Mtihani wa mwisho alisahihisha yeye. Alinipa B. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa B yangu au yake, na cheti changu sijawahi kukitundika ukutani.

Nyumbani hatukulizungumza. Mama alilichukua lile jani, sijui alilipeleka wapi, sikuuliza. Baba aliendelea kusali, kula na kugombana na watu wa mgao. Mimi nilijichukia mikono. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: sikumchukia mzee wala sikumchukia baba, nilitazama mikono yangu nikaona ni ya mtu mjinga aliyelelewa vizuri.

Mwezi mmoja hivi ulipita. Jumamosi nilifika dukani nikakuta sinia la bati limewekwa juu ya kaunta, kuukuu, lenye maua yaliyofifia, lile mama alilokuwa akichambulia mchele. Sikulitia maanani. Akaja fundi seremala tuliyemjua miaka mingi, akamnyooshea baba kitu kilichofungwa katika gazeti.

Baba aliweka mikono yake nyuma.

“Weka kwenye sinia,” alisema. “Fungua mwenyewe.”

“Mzee, komeo tu hilo.”

“Najua. Fungua mwenyewe.”

Fundi alinitazama kama anayeuliza baba yako amepatwa na nini. Kisha akaweka, akafungua gazeti, likatoka komeo lililokatika ulimi. Ndipo baba akalichukua, akageukia rafu kumtafuta mwenzake. Mimi hakunitazama. Niliingia nyuma, kwenye mifuko ya misumari, nikalia kwa sauti ndogo kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya saa tisa alasiri, nikajifuta uso, nikarudi kuhudumia.

Aliuza hivyo mpaka alipofunga duka kwa uzee. Kila mteja, kila kitu, hata wazee wenzake wa kanisa. Watu wa mtaani walisema mzee ameanza kuogopa uchafu, wengine wakasema ni maringo, naye hakuwaeleza. Watu watano wenye muhuri walishindwa kuandika kwamba jambo lile lilitokea. Baba hakusoma hata mstari mmoja wa kurasa zangu, lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa pili wa duka, aliweka sinia pale.