Jatani na Njia ya Ndovu

Garsen yote haikuwa na mtu wa kushuku wenzake kama Jatani wa Dida. Chai uliyomkaribisha, unywe wewe kwanza. Ukimwuliza ng'ombe wake ni wangapi, atakuuliza unawatakia nini. Hilo, kwa Waorma, ni adabu, maana mtu hatangazi mifugo yake, lakini Jatani alikuwa amezidi. Hata njia aliyojia hakuitaja. Mkewe Nuria alizoea kusema kwamba aliolewa na kufuli.

Mwaka wa hamsini na saba akaja Mzungu na lori la mitungi ya chuma. Akatandaza nguo kubwa mbugani, akasema itajazwa gesi na kuelea, na yeye atakaa chini yake ndani ya kikapu, aitazame nchi kutoka juu na kuichora ramani. Alitaka mwenyeji wa kumtajia mahali. Wazee wakamchagua Jatani, kwa kuwa wengine wote wangeropoka.

Jatani naye alikubali kwa sababu moja tu. Ng'ombe wake walifika mtoni kwa malka, ile njia nyembamba inayokatiza mashamba ya Wapokomo mpaka majini. Wapokomo hulima huku na huku, Waorma hupitisha mifugo katikati. Mapatano hayo yalikuwa ya mababu na hayakuandikwa popote. Kiangazi kikikaza, ng'ombe asiye na malka hufa kwa kiu huku anasikia harufu ya maji. Jatani akajisemea kwamba Mzungu huyu anatafuta malka tu, aifunge, au aweke askari wa kuhesabu ng'ombe wa watu. Heri apande yeye, amfunge macho.

Alfajiri, baada ya sala, alikizunguka kikapu mara tatu, akakitikisa, akachungulia mifuko iliyoning'inizwa ubavuni.

"Mchanga wa mto wetu mnaupeleka wapi?" akauliza.

"Tutaumwaga njiani, mzee, ili puto lipande," akajibu Gershom, karani wa Kipokomo aliyekuwa mkalimani.

Jatani akaona huo ni uongo wa kitoto. Mzungu akamimina chai. Jatani akangoja Mzungu mwenyewe apige mafunda mawili, ndipo akanywa.

Kamba zikafunguliwa. Hakusikia mshindo wala mtikisiko, ila aliona miti inapungua kimo. Upepo wa kusi uliwasukuma polepole kuufuata mto, nao ukakaa chini yao umejipindapinda, mwekundu kwa tope. Viboko walikuwa wakirudi majini. Yangeyange wakapita, na kwa mara ya kwanza maishani Jatani akaona migongo ya ndege wanaoruka. Kulikuwa kimya mno hata alisikia kengele za mti shingoni mwa ng'ombe. Jua lilipotoka, mbuga yote ikawaka rangi ya samli, na moyo wake ukafurahi. Mara akaushuku na moyo wenyewe. Huenda ndivyo wanavyomlainisha mtu.

Ndipo akaiona malka. Miaka yote aliikanyaga akidhani imejificha, kumbe ilikuwa peupe kabisa, mstari mweupe katikati ya migomba, na ng'ombe wake mwenyewe wako mwanzoni mwake wanateremka.

Mzungu akanyoosha kidole. Gershom akatafsiri: "Anauliza ile ni nini."

"Njia ya ndovu."

Gershom akamtazama. Shamba la baba yake lilipakana na njia hiyo, na tangu utotoni alilala akisikia mifugo ikipita. "Mzee Jatani, fikiri kidogo. Huyu anaandika. Kikishaandikwa hakifutiki."

"Na wewe una haja gani nifikiri?" Jatani akamkazia macho. Mtoto wa wakulima, anamsukuma aseme malka iko wapi mbele ya serikali! Sasa ndipo akajua waliokula njama ni wawili. "Mwambie ndovu. Nimezaliwa hapa."

Gershom akatafsiri. Mzungu akaandika. Gesi ikafunguliwa kidogo, wakashuka nyikani wakiburutwa kama gunia, na Jatani akarudi nyumbani anacheka peke yake. Kwa miaka miwili aliisimulia safari ile na jinsi alivyowapiga chenga wasomi.

Mwaka wa hamsini na tisa, kiangazi kikali, watu wa mashamba mapya ya mpunga wakapiga vigingi na waya kukatiza malka. Jatani akaenda ofisini, fimbo mkononi, kudai njia ya babu zake. Gershom akaitandaza ramani mezani, akasoma taratibu: "Njia ya ndovu. Aliyetaja: Jatani wa Dida." Ndovu hawana haki ya njia, kwa hiyo walioligawa eneo waliliona halina mwenyewe.

Jatani hakumwamini. Akaichukua ile karatasi kwa mwalimu wa misheni, kisha kwa mwenye duka Msomali. Wote walisoma maneno yale yale.

Kesho yake aliwazungusha ng'ombe mwendo wa siku nzima kutafuta malka nyingine, na kumi na mmoja hawakufika. Aliporudi, Nuria akamwuliza ni nani aliyewasaliti. Jatani, ambaye siku zote alikuwa na jina la mtu tayari, akakaa chini akaomba maji.

Nuria akamletea. Akayanywa yote bila kumwambia aonje kwanza.