Sindano Aliyoichagua Kiende

Kwa miaka mingi kwaya ya kanisa moja pale Kinoru, mjini Meru, haikuhitaji kinanda ili kuanza wimbo. Kiende aliinua mkono, akatoa sauti ya kuanzia kooni mwake, na wote wakaingia pamoja. Alikuwa amestaafu ualimu wa shule ya msingi, lakini wanakwaya wote walimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwashikia chaki.

Hofu yake ilianza kwa vitu vidogo. Ndege wa alfajiri walinyamaza. Simu ikawa inaita mezani yeye akiwa hapo hapo, na mpigaji akija kulalamika, Kiende husema aliiacha jikoni. Baadaye maneno ya watu yakaanza kumfikia bila makali yake, kama yamefunikwa blanketi, akawa anatazama midomo ili ajue kama mtu amesema "sita" au "tisa". Kwenye mashindano ya makwaya sauti ya kwanza, ile ya juu, ilishuka taratibu katikati ya wimbo, naye akaendelea kupunga mkono akitabasamu. Alipogeuka aliwakuta majaji wameinamisha vichwa. Mbae, mzee wa besi, alimtazama kwa jicho la pembeni mpaka wakapanda gari la kurudi nyumbani.

Baada ya hapo alimwambia mumewe kwamba anakwenda Embu kumjulia hali Wanjira, dada ya mume. Akaenda Embu kweli, ila alikoshukia ni hospitali. Walimfungia katika chumba kidogo kisicho na mwangwi, wakamvisha vipokea sauti masikioni, wakamwambia abonyeze kitufe kila asikiapo mlio. Alibonyeza, kisha akakaa muda mrefu bila kubonyeza, kisha akaanza kubonyeza kwa kubahatisha. Daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba milio myembamba imekwenda na haitarudi, lakini viko vifaa vya kuvaa vitakavyomsaidia.

"Nitafikiria," Kiende alijibu, akaondoka. Hakumwambia mtu. Alijiambia atasema baada ya ibada kubwa ya askofu, maana kwaya yake ndiyo iliyochaguliwa kuimba.

Mumewe, Nyamu, alikuwa mtu wa Runyenjes aliyeendesha malori maisha yake yote na kukusanya santuri kila mji aliopitia. Sebuleni alikuwa na mashine ya kuchezea santuri, kubwa na nzito, pamoja na amplifaya ya zamani na spika mbili ndefu. Wiki ile ya ibada upande mmoja wa muziki ulizimika. Nyamu alikagua nyaya zote, akagundua kuwa kilichokufa ni katriji, yaani kile kichwa kidogo kilicho mwisho wa mkono wa mashine, kinachobeba sindano na kugeuza mtetemo wake kuwa sauti.

"Tutaenda Makutano kesho, Mama Wawira," alisema. Wawira ni binti yao wa kwanza. "Mimi nitalipa, wewe utachagua. Masikio ya nyumba hii ni yako."

Kiende alitafuta udhuru. Alisema ana kahawa ya kuchuma, akasema mguu unamsumbua. Nyamu akacheka tu.

Fundi wao aliitwa Kathure, mama mwenye duka la vyombo vya muziki juu kidogo ya njia panda, mahali ambapo malori ya miraa na matatu za kwenda Nanyuki hazikomi kupiga honi. Kwa kelele zile Kiende hakusikia karibu chochote. Alikaza macho kwenye midomo ya fundi.

Kathure alikuwa na vichwa vinne mezani. Kimoja alikiondoa mara moja. "Hiki sauti yake hutoka dhaifu mno, amplifaya yenu haitaweza kuikuza. Mtasikia mngurumo tu." Cha pili akakibonyeza kidogo kwa ukucha. "Hiki sindano yake imekaa kwenye springi laini sana. Mkono wa mashine yenu ni mzito. Besi ikipiga, sindano itayumba na kuruka. Mkono mzito unataka sindano iliyokaza." Vikabaki viwili. Vyote vilifaa mkono na amplifaya, tofauti ilikuwa ncha. Kimoja kilikuwa na ncha ya mviringo, sauti yake ya upole. Kingine ncha yake ilikuwa na umbo la yai, nyembamba ubavuni, ya kuingia ndani zaidi ya mifereji ya santuri, sauti yake kali na ya wazi.

"Spika zenu nazijua, nilizitengeneza mimi," Kathure alisema. "Ni kali tayari. Mimi ningechukua ya mviringo. Lakini bebeni zote mbili mkasikilize nyumbani, sauti ni ya mwenye nyumba. Jumatatu mnirudishie moja."

Jumamosi mchana Nyamu alifunga kichwa cha kwanza, kile cha upole. Alifanya kazi polepole, akapima uzito wa mkono kwa kimizani kidogo, akanyoosha sindano mpaka ikasimama wima. Kiende alikaa kwenye kochi. Kesho yake ndiyo ilikuwa ibada.

Santuri ilizunguka. Alisikia ngoma, alisikia gitaa la besi, na mwanamke aliyeimba alikuwa mbali, kama yuko nyumba ya jirani na mlango umefungwa. Nyamu alikuwa akitikisa kichwa, amefumba macho.

"Unaonaje?"

"Si mbaya," alisema Kiende. "Weka ile nyingine."

Nyamu akabadilisha. Mara hii sindano iliposhuka, mwanamke yule aliingia chumbani. Kiende alisikia "safari", akasikia "sitakusahau", na zile herufi zilizokuwa zimepotea miezi mingi zilimgusa kama maji ya mtoni. Machozi yalimlenga. Alisahau kujilinda.

"Hii," alisema. "Chukua hii."

Nyamu alikuwa amekunja uso. "Hii? Mama Wawira, hii inakwaruza. Kila 's' inanipiga hapa." Akagusa nyuma ya sikio.

"Wewe umezoea injini za malori. Hii ndiyo sauti."

Nyamu hakubisha. Alimtazama kidogo, kisha akasema atarudisha ile ya kwanza walinganishe tena. Kiende alimwona akiinama juu ya mashine, akifungua na kufunga skrubu, halafu akaegemea amplifaya kwa muda. Mgongo wake ulikuwa umeziba kila kitu. Santuri ilipoanza tena, mwanamke alikuwa bado yumo chumbani, karibu kabisa, maneno yake yote mazima.

"Hii sasa ni ipi?" Nyamu aliuliza.

"Ni ile kali. Umeiacha. Nimekwambia hii ndiyo nzuri, usiiguse."

Nyamu aliinua mkono wa mashine. Alisogea kando ili mkewe aone amplifaya.

"Kiende," alisema, na hakuwa na desturi ya kumwita kwa jina lake. "Hiki ni kile kichwa cha upole. Nimezungusha kitufe cha mlio mwembamba mpaka mwisho. Kinachotoka hapo ni kama mafuta ya kukaanga, mimi meno yananiuma. Wewe husikii?"

Kiende alifungua mdomo. Uongo ulikuwa tayari, kama ulivyokuwa tayari kila siku, lakini mara hii haukutoka.

"Embu ulikwenda kwa Wanjira?" Nyamu aliuliza tena. "Kwa sababu nilipompigia wiki jana alisema hajakuona tangu Krismasi. Nikanyamaza. Nikasema mke wangu si mtu wa kupotea njia, ana sababu zake. Nimekuwa nikingojea uniambie."

"Nilienda hospitali," alisema Kiende. "Masikio yanaisha, Baba Wawira. Milio ya juu imekwenda."

Nyamu alitoka nje. Kiende alimwona kupitia dirishani akisimama kando ya zizi, mgongo kwake, akiwa ameshika ubao wa mlango kama anayeuzuia usianguke. Alidhani amemkasirikia. Akabaki pale, mikono mapajani, akifikiria askofu, akifikiria Karimi, msichana wa sauti ya kwanza, na wenzake watakaoshuka tena mbele ya kanisa lote, naye akipunga mkono.

Nyamu aliporudi aliketi karibu naye, upande ambao Kiende angemwona mdomo.

"Hasira yangu si ya masikio," alisema. "Ni kwamba uliingia ile hospitali peke yako."

Kiende alilia hapo. Alipotulia walianza kusemezana, na jambo la kwanza halikuwa katriji.

"Kesho utafanya nini?"

"Nitaongoza. Askofu amekwisha alikwa."

"Na wakishuka?"

Kiende aliinuka kwenda kupiga pasi joho lake.

Asubuhi alifika kanisani kabla ya wengine, akawangoja wanakwaya katika chumba cha nyuma. Walipokwisha kuvaa majoho alifunga mlango. Akasimama kama alivyosimama darasani mbele ya wakaguzi.

"Nina jambo," alisema. "Masikio yangu ni mabovu. Sauti za juu sizisikii vizuri. Nimelijua hilo kitambo, nikawaficha. Kwenye mashindano mlishuka na sikuwaambia, kwa sababu sikujua."

Karimi aliinamisha kichwa. Mbae ndiye aliyeanza.

"Tulifanya mazoezi miezi mitatu," alisema, kwa ile sauti nzito ambayo Kiende aliisikia vizuri mno. "Vijana walilala njaa kwa kukimbilia mazoezi. Ungetuambia, Mwalimu. Tungepata mtu wa kusikiliza, na wewe ungebaki kuongoza. Ulitufanya tujione hatufai."

"Ni kweli," alijibu Kiende.

Kengele ikalia. Watu walikuwa wakiketi, viti vinakwaruza sakafu. Kiende alimgeukia Karimi. "Utatoa sauti ya kuanzia wewe. Simama mbele yangu, mkono wako wa kulia nje ya joho. Wenzako wakishuka, fungua vidole. Nitawasimamisha kwa mkono na wewe utawapandisha."

"Mwalimu, sijawahi."

"Najua. Mimi pia sijawahi."

Wimbo ulikuwa mrefu. Kiende aliusikia kama mtu anayeona nyumba bila paa: besi na sauti ya tatu zimesimama imara, juu yake kumebaki ukungu. Alishika mapigo na kutazama kile kiganja. Kwenye ubeti wa tatu vidole vya Karimi vilifunguka. Kiende alishusha mkono, akawarudisha wote chini mpaka karibu wanong'one, jambo ambalo hawakulifanya katika mazoezi yoyote. Alimwona Karimi akivuta pumzi na kuinua kidevu. Vidole vikajifunga. Akawaachilia.

Hakujua kama wameimba vizuri. Alijua tu kuwa walimaliza pamoja, na kwamba Nyamu, kule kwenye benchi la nyuma, alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili na kutikisa kichwa polepole kuashiria ndiyo.

Mbae hakumsalimia siku ile, wala Jumapili mbili zilizofuata. Ya tatu alimletea kiti.

Jumatatu, kesho yake baada ya ibada, walikuwa wamerudi Makutano. Nyamu alikuwa ameamua kuchukua kile kichwa kikali, na Kiende alijua kwa nini. Alimshika mkono kabla hajakitaja.

"Chukua cha mviringo," alimwambia. "Ndicho kinachofaa zile spika. Mashine yako si mgonjwa, mgonjwa ni mimi, na dawa yangu iko Embu."

Kathure alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akafunga kile cha mviringo kwenye kiboksi chake.

Embu walikwenda pamoja, wakalala kwa Wanjira kweli. Vifaa vya masikioni vilimsumbua mwanzoni. Vijiko vilipiga kelele, karatasi zilipiga kelele, na watoto wa jirani alitamani wahame. Karimi aliendelea kutoa sauti ya kuanzia, maana Kiende alipojaribu tena mwenyewe aligundua kuwa msichana yule anaitoa vizuri zaidi yake, na likamuuma kidogo, akaliacha liume.

Sebuleni mambo yamegeuka. Nyamu akiweka santuri jioni huongeza sauti ili mkewe asikie, naye kutoka jikoni humwambia apunguze. Nyamu hujifanya hajasikia.